Ngano, mapenzi na soko lililoanguka: historia ya filme City Girl

Wengi wanafikiri mtu wa agronomi anajua paka udongo na mbegu. Leo nawaletea historia ya filme moja ya mapenzi, ya wakati filme hazikuwa na sauti. Mimi niliiangalia juu ya ngano. Kilichonishika zaidi ni vile soko lilivyomtendea aliyeitengeneza.

F. W. Murnau alikuwa Mjerumani. William Fox alimwita Marekani, na kule akatengeneza Sunrise (1927), iliyopata zawadi katika sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar, mwaka 1929. Mu 1928 akapeleka kamera zake mashambani mwa Oregon. Filme aliyoipiga kule alitaka iitwe Our Daily Bread, yaani mkate wetu wa kila siku.

Hadithi ni hii. Lem (Charles Farrell), mtoto wa mkulima, anatumwa na baba yake Chicago kuuza ngano, na bei amekwisha kupangiwa. Lakini soko linaanguka. Kijana anaogopa, anauza kwa hasara. Kule kule anapatana na Kate (Mary Duncan), mhudumu wa restora aliyechoka na kelele za mji. Wanaoana. Wakifika nyumbani wanakimbia pamoja ndani ya ngano, kamera inawafuata mbio, na unasikia furaha yao hata bila neno moja. Kisha baba anamkataa bibi ya mtoto wake: anamwona ni mtu wa kufuata mali tu, anampiga hata kofi.

Baadaye habari inafika kwamba mvua ya mawe inakuja. Wanalazimika kuvuna usiku, kwa taa. Mwenye kusoma kilimo anajua hofu ile: ngano ikiisha kukauka, mawe yanapukutisha punje chini, na kazi ya msimu mzima inapotea kwa dakika chache.

Sasa angalieni. Mu Oktoba 1927 The Jazz Singer ilikuwa imetoka, na watu wakaanza kutaka filme zinazosema. Murnau akajikuta kama Lem: ana ngano nzuri, lakini amefika sokoni bei ikianguka. Fox ikataka maneno yaongezwe. Murnau akaondoka, wengine wakapiga sehemu za kuongea, na mu 1930 filme ikatoka kwa jina City Girl. Ikapita karibu bila kuonekana. Yeye alikuwa amekwenda Tahiti kupiga Tabu. Akafa kwa ajali ya gari mu Machi 1931, akiwa na miaka 42.

Karibu na 1970, kopi isiyo na sauti ikapatikana ndani ya akiba za Fox. Ile yenye sauti, ambayo soko ndiyo lililoitaka, imepotea. Leo tunaangalia ile iliyokataliwa.

Murnau hakuona siku hiyo, basi tusiseme kwamba kazi nzuri inajilinda yenyewe. Mimi naona somo la ghala: bei ya leo haipimi ubora wa zao, lakini zao lisilotunzwa haliwezi kungojea bei ya kesho. Filme hii iliokoka juu ilibakia mahali, hata wakati hakuna aliyeiuliza.

Na sisi, TFC na memwari zetu ziko mu ghala gani?