Njia za kuinusuru nyumba iliyowekwa rehani kabla ya mnada

DAWA ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Lakini mtu anapofutwa kazi, biashara inapoanguka au maradhi yanapobisha hodi, dawa hiyo hukosekana hata kwa mkopaji mwaminifu. Na iwapo rehani ya deni lenyewe ni nyumba anamoishi na aila yake, hofu ya kutupiwa virago nje humnyima usingizi.

Wengi wanaofikwa na masaibu haya hukosea mwanzoni kabisa. Hawapokei simu za benki, huficha barua zisionwe na mke au mume, kisha hugutuka wanapoiona nyumba yao kwenye kurasa za matangazo ya mnada. Ilhali sheria za Kenya humpa mkopaji muda na njia kadhaa za kujinasua, mradi azitumie mapema.

Muda unaotolewa na sheria

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, kuweka nyumba rehani si kuhamisha umiliki. Benki huwa imeshikilia dhamana tu. Malipo yakichelewa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kutoa ilani ya kwanza kwa maandishi. Ilani hiyo sharti ieleze kosa lililotendeka, kiasi kinachodaiwa, muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa, na haki ya mkopaji ya kuomba nafuu mahakamani.

Muda huo ukiyoyoma bila malipo, benki hutoa ilani ya pili, ya kuuza, isiyopungua siku 40. Nakala yake hupelekewa pia mke au mume wa mkopaji na waliomdhamini. Baadaye dalali naye, kwa mujibu wa Kanuni za Madalali za 1997, hutoa siku 45 za kuikomboa nyumba. Mnada wenyewe haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Hatua hizi zikifuatana moja baada ya nyingine, hukaribia miezi saba. Huo ndio muda wa kutafuta suluhu, si wa kungoja muujiza.

Kuzungumza na benki

Njia ya kwanza, na iliyo nafuu zaidi, ni kuomba masharti ya mkopo yabadilishwe. Benki inaweza kukubali mkopaji alipe riba pekee kwa miezi michache, au ikaongeza muda wa kulipa ili kupunguza mzigo wa kila mwezi. Anayekwenda kuomba aende na ushahidi: barua ya kufutwa kazi, taarifa za benki, na hesabu ya mapato na matumizi ya nyumbani. Atoe ahadi anayoweza kuitimiza, kwani ahadi ikivunjwa mara mbili, ya tatu haisikizwi.

Hata hivyo, nafuu hii ina bei. Mkopo wa Sh4 milioni kwa riba ya asilimia 14 hulipwa takriban Sh53,270 kwa mwezi ukiwa wa miaka 15. Ukiwa wa miaka 20, malipo hushuka hadi takriban Sh49,740. Mkopaji anapunguziwa kama Sh3,500 kila mwezi, lakini kufikia mwisho atakuwa amelipa zaidi ya Sh2.3 milioni juu ya zile ambazo angelipa awali.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuwa kulipa kiasi kidogo cha malimbikizo hakusimamishi ilani iliyokwisha kutolewa. Makubaliano yoyote ya kusitisha mnada yaandikwe na kutiwa sahihi.

Kuhamisha mkopo au kukodisha

Njia ya pili ni kuhamishia deni kwa benki nyingine au chama cha akiba na mikopo chenye riba ya chini. Hatua hii huandamana na gharama za mthamini, wakili na ushuru wa stempu, na huwa ngumu jina la mkopaji likishaorodheshwa na CRB kuwa la mtu asiyelipa.

Wapo pia wanaohamia nyumba ndogo ya kupanga na kuikodisha yao. Kodi isipotosha malipo yote, hupunguza pengo.

Kuuza mwenyewe

Ikiwa hesabu zote zinagoma, ni heri mwenye nyumba aiuze mwenyewe kwa idhini ya benki kuliko kumngoja dalali. Wanunuzi wa minada hufuata bei ya chini, na gharama za dalali huongezwa juu ya deni. Katika uuzaji wa hiari, mnunuzi hulipa benki kwanza na masalio humwendea mwenye nyumba.

Ushuru wa faida ya mtaji, ambao ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hautozwi kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza.

Kwenda mahakamani

Mahakama inaweza kutoa agizo la kuzuia mnada, lakini haifanyi hivyo kwa huruma tu. Tangu uamuzi wa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown mwaka wa 1973, mlalamishi hutakiwa kuonyesha kuwa ana kesi yenye msingi na kwamba atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa. Mahakama ikiwa na shaka, hupima ni upande upi utakaoumia zaidi.

Hoja zenye uzito ni kama vile ilani kutotolewa ipasavyo, au nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume anayeishi humo. Nyingine ni riba kupandishwa bila ilani ya siku 30.

Aidha, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka kikomo cha riba. Ikiwa deni la msingi lilikuwa Sh3 milioni wakati mkopo uliposhindwa kulipwa, riba inayodaiwa baada ya hapo haiwezi kuzidi Sh3 milioni nyingine.

Benki pia ina wajibu wa kutafuta bei bora. Bei ya chini kabisa inayokubalika mnadani hutegemea tathmini ambayo haijapitisha miezi 12. Hata hivyo, kubishania kiasi cha deni pekee kwa kawaida hakuzuii mnada, na kesi ikiendelea riba nayo haijalala.

Kujihadhari

Walio taabani huandamwa na mawakala wanaoahidi kulipa deni lote kwa siku chache, mradi mwenye nyumba atie sahihi hati za kuhamisha umiliki. Asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya wakili wake mwenyewe kuisoma.

Muhimu kuliko yote, haki ya kuikomboa nyumba hudumu hadi pale inapouzwa. Nyundo ya dalali ikishagonga, aghalabu kinachobaki ni kudai fidia ya pesa. Nyumba yenyewe huwa imekwenda.