Mti wa Chitambo na Jina la Kariakoo

Desturi ya kutunza vipande vya miti mashuhuri ni ya zamani. Mwaka 1756, katika mji wa Stratford, Uingereza, ulikatwa mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare, na mbao zake zikachongwa visanduku vya kuuzia wapenzi wa mshairi huyo. Mti uliopata heshima ya namna hiyo katika historia ya Waswahili ni mpundu wa kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia.

Chini ya mti huo wapagazi wa David Livingstone waliuzika moyo wake alipofariki mwaka 1873. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alichonga katika shina jina la marehemu, tarehe, na majina ya baadhi ya wakubwa wa msafara. Kisha Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili uliokaushwa kwa jua, wakasafiri kwa miguu hata wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Mwaka 1899 mti ulikatwa. Kipande chenye maandishi kilipelekwa London, kikahifadhiwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia. Ubao mwingine ulifanywa msalaba, nao umo hata leo katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa.

Kariakoo, Dar es Salaam, hakuna ubao wa mti huo, bali upo Mtaa wa Livingstone. Na Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, kikosi cha wachukuzi wa mizigo, Carrier Corps, kilipiga kambi hapo, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa vita hivyo walikufa, wengi wao kwa maradhi.

Basi aliyebebwa amepata mtaa wenye jina lake. Waliobeba wamepata eneo zima, lakini halimtaji hata mmoja wao. Shina la Chitambo liliwatendea haki zaidi, kwani hapo bwana na watumishi waliandikwa pamoja, tena kwa mkono wa mmoja wao. Kwa hiyo atunzaye ubao wa kale asiishie kuuliza ulitoka mti gani. Na aulize pia nani aliuchonga, na majina gani yalichongwa.