Moduli: kipimo cha jino la gia

Gia ni neno lililokwisha kuzoea nyumba. Dereva wa lori anayepanda vilima kutoka mpaka wa Rusumo anarudisha gia nyuma. Mwanasiasa anayehama upande anaambiwa kabadili gia angani. Kijana anayemsogelea binti kwa kisingizio cha kuazima daftari kaingia na gia ya daftari. Kamusi zinatupa pia gurudumu la meno, ambalo linaeleza vizuri, ila mafundi wengi hawalitumii. Gia inatosha.

Kinachopungua ni jina la ukubwa wake. Kijana wa Ngara au Biharamulo anayeunda lori la mfano, lile la kuendeshwa na mota ndogo badala ya kuvutwa kwa kamba, atapata sproketi ya pikipiki bila shida. Gia ya plastiki yenye ukubwa wa kifungo cha shati si bidhaa ya rafuni huku. Chimbuko lake ni boksi la fundi redio: deki za DVD zilizokufa, redio kaseti, printa, saa za ukutani. Deki ya DVD ndiyo hazina. Trei yake ina reki ya plastiki, yaani meno yaliyopangwa kwenye mstari ulionyooka, na pembeni kuna gia mbili tatu pamoja na mota yenye mkanda wa mpira. Printa ina gia nyingi zaidi, lakini angalia: nyingine zina meno ya mshazari, nazo hazikubali kukaa na gia yenye meno yaliyonyooka.

Sasa umepata gia moja kwenye deki na nyingine kwenye mdoli wa mtoto, na kwa macho zinalingana. Zitashikana? Hilo ndilo swali linalojibiwa na moduli.

Moduli ni kipenyo cha gia, kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Kipenyo kinachokusudiwa si cha ncha za meno. Ni cha duara la kufikirika, karibu na katikati ya kimo cha jino, ambapo gia mbili zinaviringishana. Kwa gia ya kawaida, ncha hulizidi duara hilo kwa moduli moja kila upande. Ndiyo maana mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, anafanya hesabu nyepesi: pima kipenyo cha nje, hesabu meno, ongeza 2 kwenye meno, kisha gawanya. Gia yenye meno 28 na kipenyo cha nje cha milimita 15 ina moduli 0.5, inayotumika sana kwenye midoli na mota ndogo. Gia za Lego ni moduli 1.

Gia nyingine yenye meno 26 na kipenyo cha milimita 14.8 itakupa karibu 0.53. Hiyo imetoka kwenye mfumo wa inchi, unaohesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo: milimita 25.4 za inchi moja, gawanya kwa meno 48. Ziweke pamoja, zitazunguka kidogo kisha zitaanza kukwaruzana, na plastiki italika. Jino la moduli moja halikai kwenye pengo la moduli nyingine.

Pima gia kubwa, usipime kipinioni, yaani gia ndogo inayoshikana nayo. Gia zenye meno 8 au 10 mara nyingi hunenepeshwa makusudi kiwandani ili shina la jino lisiwe jembamba, na hesabu yake inadanganya. Meno yakiwa witiri pia kalipa husoma pungufu kidogo, kwa kuwa ncha haitazamani na ncha.

Wapo wanaotaka tuseme kipimo cha jino. Kwenye maelezo nakikubali, na nimekitumia hapo juu kwenye kichwa. Kama jina, hakifai: jino lina kimo, unene na upana, na kila kimoja ni kipimo chake. Moduli tayari iko kwenye mafunzo kwa maana ya sehemu ya somo, lakini kwenye meza ya fundi hakuna atakayezichanganya. Tena ukishaijua unapata na nafasi kati ya shafti mbili bila kubahatisha: jumla ya meno ya gia mbili, zidisha kwa moduli, gawanya kwa 2. Gia ya meno 10 na ya meno 40 za moduli 0.5 zinataka matundu yaliyoachana milimita 12.5, na spidi inapungua mara nne.

Ukiagiza Kariakoo, mzigo unakuja kwa basi kupitia Kahama na Nyakanazi, na kurudisha gia isiyofaa ni nauli nyingine. Ujumbe kwa muuzaji uwe hivi: “Gia ya plastiki, moduli 0.5, meno 40, tundu milimita 2, meno yaliyonyooka.” Kwa kipinioni cha kubana kwenye shafti ya mota ya milimita 2, omba tundu la 1.95, la 2 kamili litateleza.