Kimalei na Kiebrania: Njia Mbili za Lugha Kuwa ya Taifa

Wanafunzi wa isimu hupenda kuuliza lugha hupataje kuwa lugha ya taifa. Jibu jepesi ni kwamba hushinda ile yenye wasemaji wengi, au ile iliyoamriwa na serikali. Katika makala haya tunalinganisha lugha mbili ambazo jibu hilo halizitoshi. Mwaka 1900 Kiebrania kilizungumzwa nyumbani na familia chache tu. Nacho Kimalei, katika visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi, kilizidiwa mbali na Kijava kwa idadi ya wazawa wake. Hata hivyo, zote mbili zimekuwa lugha za dola.

Undugu na mkopo

Lugha hizi hazina nasaba moja. Kimalei ni cha familia ya Kiaustronesia, pamoja na Kimalagasi cha jirani zetu wa Madagaska. Kiebrania ni lugha ya Kisemiti, ndugu wa Kiarabu na Kiamhari. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili atashangaa kukuta Mmalei akisema *selamat*, Mwebrania *shalom*, na sisi *salama*. Je, ni neno moja? Asili ni moja, ila njia ni mbili. Kimalei na Kiswahili vililipata kutoka Kiarabu, kwa biashara na dini ya Kiislamu. Kiebrania hakikukopa, kilirithi mzizi huo kutoka kwa lugha mama ya Kisemiti, kama Kiarabu kilivyourithi. Hapo ndipo tunapojifunza kutofautisha mkopo na urithi.

Uundaji wa maneno nao ni tofauti. Kimalei huambatisha viambishi kwenye mzizi usiobadilika sana. Kutokana na *ajar* tunapata *belajar* (kujifunza), *mengajar* (kufundisha), *pelajar* (mwanafunzi), *pengajar* (mwalimu) na *pelajaran* (somo). Kiebrania hutumia mzizi wa konsonanti, kwa kawaida tatu, na kubadilisha irabu ndani yake, pengine pamoja na viambishi. Kutokana na l-m-d tunapata *lamad* (alijifunza), *limed* (alifundisha), *talmid* (mwanafunzi) na *melamed* (mwalimu wa watoto). Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea *jifunza*, *fundisha* na *mwanafunzi*, atajiona yu karibu zaidi na Kimalei.

Kimalei: kutoka bandarini

Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kimalei ni jiwe la Kedukan Bukit, karibu na Palembang katika Sumatra, la mwaka 682. Baadaye bandari ya Melaka, iliyotekwa na Wareno mwaka 1511, iliieneza lugha hii miongoni mwa wafanyabiashara, ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu ziitwazo Jawi. Waholanzi nao waliitumia katika utawala wao.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka sehemu mbalimbali za visiwa hivyo walikutana Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, wakala kiapo. Walikiri nchi moja na taifa moja. Kuhusu lugha, hawakusema kwamba wana lugha moja tu. Waliahidi kuitukuza lugha ya umoja, ambayo waliiita Kiindonesia. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana, kwani lugha za nyumbani hazikufutwa. Wajava, waliokuwa wengi kuliko wote, walikubali lugha ambayo haikuwa yao. Kijava kina ngazi za heshima zinazombagua mkubwa na mdogo. Kimalei cha sokoni hakikuwa na mzigo huo. Katiba ya Indonesia ya mwaka 1945 ikathibitisha uamuzi huo. Malaya nayo ilikifanya Kimalei lugha ya taifa ilipopata uhuru mwaka 1957, na mwaka 1972 Indonesia na Malaysia zikaoanisha tahajia zao.

Kiebrania: kutoka kitabuni

Kiebrania kilikoma kuwa lugha ya mazungumzo ya kila siku yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Hakikufa kabisa: kiliendelea katika sala, sheria, mashairi na barua. Mwaka 1881 Eliezer Ben-Yehuda alihamia Yerusalemu, akaazimia kwamba nyumba yake isitumie lugha nyingine. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1882, alikuwa wa kwanza katika enzi hizi kulelewa kwa Kiebrania. Ben-Yehuda aliunda istilahi, mojawapo ikiwa *milon* (kamusi), kutokana na *mila* (neno).

Lakini mtu mmoja hawezi kuhuisha lugha. Kazi kubwa ilifanywa na walimu waliofundisha Kiebrania kwa Kiebrania, mara nyingi bila vitabu vya kutosha. Mwaka 1913 ilipopendekezwa kwamba chuo cha ufundi cha Haifa kifundishe kwa Kijerumani, walimu na wanafunzi waligoma, na mwaka uliofuata Kiebrania kikashinda. Mwaka 1922 kilikuwa lugha rasmi ya Palestina chini ya Waingereza, pamoja na Kiingereza na Kiarabu.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Kiyidishi, lugha ya mama ya wengi wa wahamiaji hao, kilidharauliwa na kubanwa. Kiarabu kilibaki lugha rasmi ya Israeli hadi sheria ya mwaka 2018 ilipokiondolea hadhi hiyo na kukipa kile kilichoitwa hadhi maalumu.

Tunachojifunza

Kimalei kilipanda kwa sababu hakikuwa mali ya kundi lenye nguvu zaidi. Kiebrania kilipanda kwa sababu wazazi na walimu walikubali kukisema kabla hakijakomaa. Katika hali zote mbili sheria ilikuja nyuma ya watu. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo wanafunzi wengi wana lugha nyingine nyumbani tuna la kuchukua hapo. Tamko la serikali ni la lazima, lakini lugha huingia darasani kwa mwalimu anayeitumia, na hupendwa pale mwanafunzi asipotakiwa kuiacha lugha ya mama yake mlangoni.