Ushahidi wa Titanic

Sinema ya Waingereza ya 1958 juu ya kuzama kwa Titanic, A Night to Remember, ilitolewa kwa diski za kutazamia nyumbani mwaka 1998. Mtengenezaji wake, William MacQuitty, akiwa mtoto aliiona merikebu hiyo ikishushwa majini Belfast, 1911. Mshauri wake, Joseph Boxhall, alikuwa afisa ndani yake. Mashahidi kama hawa nani atawakataa?

Lakini sinema yaionyesha ikizama nzima, na mabaki yaliyopatikana 1985 ni mapande mawili. Kumbe baadhi ya waliookoka walikwisha kusema, tangu 1912, kwamba ilikatika mbele ya macho yao. Afisa Lightoller alikana, na baraza la uchunguzi la Uingereza likakata kauli kuwa haikukatika.