Mnyaa, miti ya Kichina na uvimbe wa taya

Leo siasa naiweka pembeni. Hapa Tukuyu hukosi mtu wa kukuambia kwamba dawa fulani ya miti, ya kwetu au ya Kichina, "imepimwa maabara, inafanya kazi kwenye kansa". Nauliza tu: kazi gani?

Turudi Kampala, 1957. Pale Mulago daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliletewa mtoto aliyevimba taya zote. Ikaja kujulikana kuwa ni limfoma, kansa ya chembe nyeupe za damu, na leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu, wakazunguka kama kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Wakakuta ugonjwa unapenda mabonde yenye joto na mvua, palepale penye malaria nyingi, na milimani kwenye baridi haupandi. Kwa kipimo hicho sisi wa Tukuyu, mita kama 1,500 juu, tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Kyela kule ziwani. (Wa milimani msianze kujigamba.)

Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Seli nyingine, za mtoto wa Nigeria, zilioteshwa maabara mwaka 1963 na mpaka leo zinazaliana. Zinaitwa Raji, na zimesambaa dunia nzima.

Zilifika hadi China. Mwaka 1994 Zeng Yi na wenzake walichapisha matokeo ya kuzimwagia seli hizo vimiminika vilivyokamuliwa kutoka mimea 1,693 ya Kichina, mingi ikiwa ya dawa. Hawakuwa wakitafuta tiba, bali mimea inayoamsha virusi vilivyolala. Wakapata 52! Kumbe kweli ilifanya kazi.

Na mnyaa wetu wa uani, ambao mama alikukataza utomvu wake usikuingie machoni? Mwaka 1987 Wajapani waliandika kwenye jarida la Lancet kuwa nao unaamsha virusi hivyohivyo. Haijathibitishwa kuwa ndio unaoleta kansa. Malaria ina ushahidi mzito zaidi. Lakini watu wanaunywa kama dawa, hilo linanitisha.

Yapo pia maua madogo ya pinki tunayopanda mbele ya nyumba, asili yake Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walijaribu majani yake kwa sababu Jamaica yalisifiwa kwa kisukari. Sukari haikushuka, zikashuka chembe nyeupe za damu. Kwenye mmea huo ikapatikana vincristine, ambayo imewatibu watoto wengi wa uvimbe wa taya, wakiwemo wa Uganda. Hainywewi kikombeni. Inachomwa kwenye mshipa wa damu, kwa miligramu, tena pamoja na dawa nyingine. Ikizidi inaharibu neva, na ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, inaua.