Upepo, Oili na Vumbi la Kiyeyi: Injini ya Bodaboda Inavyopozwa na Kulainishwa

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba. Kutoka kituo cha forodha cha Kenya hadi kile cha Uganda palikuwa na umbali wa kumchosha mtu mwenye mzigo kichwani, na katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli wakawa wanawavusha wasafiri kutoka boda hadi boda. Baiskeli haikuwa na injini ya kupoza. Ilidai grisi kwenye beringi, tone la oili kwenye cheni na miguu yenye nguvu. Pikipiki zilipoingia kazini miaka ya 1990, na hasa baada ya Kenya kuondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, dereva alirithi jina la zamani pamoja na jukumu jipya la kutunza chuma kinachochoma moto ndani yake kutwa nzima.

Jukumu hilo huwa zito zaidi katika barabara za moramu zinazoingia vijijini, kama zile za Kiyeyi wilayani Tororo, Uganda. Mvua zikikatika, kuanzia Desemba hadi Februari, udongo ulioshindiliwa na magurudumu hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na juu yake hukaa vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo. Pikipiki hupita humo ikiwa na gunia la mahindi, mfuko wa saruji, au mama na watoto wawili nyuma ya dereva. Mwendo ni mdogo, mzigo ni mkubwa, na jua ni kali.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Petroli inapolipuka ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kifupi mno. Aluminiamu, ambayo ndiyo pistoni imetengenezwa nayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haiyeyuki kwa sababu mlipuko ni wa kupepesa jicho na joto lina njia za kutokea. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi pamoja na moshi. Nyingine hupita kwenye ringi, ikaingia ukuta wa silinda, ikasambaa kwenye mapezi yaliyochomoza nje ya silinda, na upepo ukaichukua. Nyingine tena hubebwa na oili. Kinachofika gurudumuni kama nguvu ya kusukuma ni karibu robo tu ya nishati iliyokuwa ndani ya petroli.

Pikipiki nyingi za kazi mpakani, zikiwemo Bajaj Boxer na TVS HLX, ni za mapigo manne na hupozwa kwa hewa. Hazina rejeta, hazina feni. Upepo wao ni ule unaotokana na mwendo wenyewe, na hapo ndipo penye tatizo. Mwendo ukiwa wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami ya Tororo, mapezi hupata hewa ya kutosha. Pikipiki ileile ikipanda kilima kwa gia ya kwanza na mishikaki ya watu watatu, injini huzalisha joto jingi kuliko kawaida huku upepo ukiwa kidogo kuliko kawaida.

Kuna chombo kingine duniani chenye udhaifu unaofanana na huu, nacho ni pikipiki ya theluji ya Kanada na kaskazini mwa Marekani. Ile ya Ski-Doo ilianza kuuzwa mwaka 1959 na kampuni ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec. Huteleza kwa skii mbele, na nyuma husukumwa na mkanda mpana wa mpira. Nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji yanayozungushwa kwenye vipoza bapa chini ya mwili wa chombo. Mkanda huvirushia theluji, theluji ikayeyuka na kuondoka na joto. Theluji hiyohiyo ndiyo inayolainisha reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake. Njia ikishindiliwa mpaka ikawa barafu ngumu, hakuna kinachoruka: maji hupata moto kupita kiasi na reli za plastiki huanza kuyeyuka. Waendeshaji wa huko hufunga vijiti vya chuma vinavyokwaruza barafu ili vipande virukie vipoza na reli.

Njia ngumu ya Kiyeyi hairushi kitu chenye baridi. Inarusha vumbi. Dereva wetu hana kijiti cha kukwaruza ubaridi kutoka ardhini, kwa hiyo amebaki na vitu viwili: mapezi yaliyo wazi na oili iliyo safi.

Mapezi huzibika polepole. Tope la msimu wa mvua hukauka kati ya pezi na pezi, oili inayovuja kwenye gasketi hunasa vumbi, na baada ya miezi michache injini imevaa blanketi. Vifuniko vya kukinga miguu na turubai zinazofungwa mbele nazo huzuia upepo. Kusafisha mapezi kwa brashi na maji ya sabuni ni kazi ya nusu saa, lakini ifanywe injini ikiwa imepoa. Kuimwagia maji baridi injini iliyotoka safarini, kama inavyofanywa mara nyingi mtoni, kunaweza kupinda au kupasua chuma, maana upande mmoja husinyaa ilhali mwingine bado umetanuka.

Oili

Watu wengi hudhani oili ni ya kulainisha tu. Kwa injini inayopozwa kwa hewa, oili pia ni kipozaji. Huchukua joto chini ya pistoni na kwenye kichwa cha silinda, mahali upepo usipofika, na kulishusha hadi chini ya injini. Pikipiki ya cc 100 hubeba takriban lita moja tu. Robo lita ikipotea, robo ya kipozaji imepotea, na ile iliyobaki inazunguka haraka zaidi, inapata moto zaidi na kuwa nyepesi zaidi. Utando wake kati ya pistoni na silinda ni mwembamba kuliko unywele. Ukikatika, chuma husugua chuma. Hapo ndipo mafundi husema injini imenoki.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo zina maana. Katika 20W-50, namba ya kwanza hueleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili uzito wake kwenye nyuzi 100. Kwa nchi yenye joto na mizigo, 50 hubaki na unene wa kutosha pale nyepesi zaidi inapoanza kukimbia. Hata hivyo kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Tafuta pia alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano ambavyo vinaweza kuifanya klachi iteleze. Klachi ikiteleza, nguvu haifiki gurudumuni na joto jipya linazaliwa.

Vipindi vya kubadilisha oili vilivyoandikwa na watengenezaji havikupimwa kwa vumbi la Januari na mzigo wa saruji. Vifupishe. Pikipiki mpya ibadilishiwe mapema zaidi, ndani ya kilomita mia chache za kwanza, kwa sababu oili ya mwanzo hubeba chembe za chuma kinachozoeana.

Vumbi na petroli

Mchanga uliomo kwenye vumbi ni mgumu kuliko aluminiamu ya pistoni kwa mbali. Ukiingia kwa njia ya hewa, huchanganyika na oili na kuwa msasa: ringi hulika, oili hupanda juu na kuungua, moshi wa buluu huonekana nyuma, na kiasi cha oili kushuka bila tone kuonekana chini. Chujio la hewa ndilo mlinzi wa pekee. La sponji huoshwa kwa sabuni, likakaushwa kabisa, likapakwa oili safi kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, hupulizwa kutoka ndani kwenda nje au kubadilishwa. Kipande cha godoro la zamani si chujio.

Petroli mbaya nayo huleta joto. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga ikipanda mlima. Uchakachuaji huo ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuondolea faida. Plagi husimulia hali ya ndani: rangi ya kahawia ni salama, nyeusi yenye masizi ni petroli kuzidi hewa, nyeupe ni injini inayoungua kwa joto.

Cheni

Cheni haipozwi na kitu, hivyo ulainishaji ndio uhai wake. Desturi ya kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka injini imeenea sana, nami naipinga. Oili hiyo ina masizi na chembe za chuma, na inanasa vumbi. Afadhali oili ya gia namba 90, ipakwe upande wa ndani cheni ikiwa na vuguvugu baada ya safari, kisha ya ziada ifutwe kwa kitambaa. Kusafisha ni kwa mafuta ya taa na brashi. Na kama cheni ilikuja na boksi lake la kuifunika, usiling'oe.

Nani hulipia oili

Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Humpelekea mwenye chombo hesabu ya kila siku, na oili hutoka kwenye kinachobaki. Siku abiria wakiwa wachache, kitu cha kwanza kuahirishwa ni oili, kwa sababu ubaya wake hauonekani leo. Mwenye pikipiki naye hugundua miezi baadaye, anaponunua pistoni, ringi na kuchonga silinda upya. Kwa maoni yangu mpango huu ndio unaoua injini nyingi kuliko jua na vumbi.

Enyi wenye pikipiki wa Tororo na Busia, msimwachie dereva gharama ya oili, bali muinunue ninyi wenyewe. Nawe dereva, kesho asubuhi kabla ya kupiga kiki, isimamishe pikipiki wima mahali tambarare, injini ingali baridi, upime oili.